Sifa za Mkwangua Ugaga

Ulimi ukipitishwa nyuma ya meno ya mbele ya chini, pale ambapo mswaki hufika mbiombio na kuondoka mbiombio, watu wazima wengi watakuta ukingo mgumu ambao hawakuzaliwa nao. Hauumi. Hauwashi. Haumzuii mtu kutafuna mishikaki wala kucheka kwa sauti harusini. Huo ni ugaga, na wanaojua kuuondoa bila kuudhuru ufizi wana ufundi wa zamani sana, mgumu kuliko unavyoonekana, ambao sifa zake husemwa kwa nadra.

Ugaga haugandi popote tu. Chini ya ulimi kuna matundu madogo ya tezi za mate, na meno ya mbele ya chini yako mbele yake kabisa. Tundu jingine liko upande wa ndani wa shavu, likitazamana na magego ya juu. Mate yana kalsiamu na fosfeti, madini yaleyale yanayolilinda jino na kulikarabati. Lakini yakikuta ukoga, ule utando laini wa bakteria ambao mtu huuhisi anapoamka asubuhi, nao umeachwa siku mbili tatu bila kuguswa, madini huanza kuganda ndani yake. Baada ya wiki mbili hivi utando umekuwa jiwe, sawa na ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Ndiyo maana tabibu mzoefu, mgonjwa akishapanua kinywa tu, anajua aanze kutazama wapi.

Jiwe lenyewe si sumu. Ubaya wake ni kwamba limejaa vishimo na mikwaruzo ambamo ukoga mpya hujishikiza na kunawiri, tena mahali ambapo mswaki hauwezi kuufuata. Ufizi unaoguswa na ukoga huo huvimba, huwa mwekundu, hutoka damu. Katika hatua hiyo mtu anaweza kurudi nyuma na kupona kabisa. Ikipita, ufizi huanza kuachana na jino, nafasi iliyo kati yao hugeuka mfuko, ugaga mweusi na mgumu zaidi huganda humo ndani, na mfupa unaolishika jino huanza kupungua. Sehemu kubwa ya uharibifu huo hufanywa na mwili wenyewe katika kupambana na bakteria. Mfupa ukishakwenda haurudi kwa urahisi. Na yote hayo yanaweza kuendelea kwa miaka bila maumivu ya kumkosesha mtu usingizi hata usiku mmoja.

Mtu wa kwanza kueleza kwa maandishi wakazi wa ukoga hakuwa daktari. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, mwenye mazoea ya kusaga lenzi zake mwenyewe. Mwezi Septemba 1683 aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, akieleza alichokiona baada ya kukwangua utando mweupe kati ya meno yake na kuuchanganya na maji: viumbe wadogo mno, wengine wakienda mbio, wengine wakizunguka palepale. Mwenyewe alikuwa mtu msafi. Kila asubuhi alisugua meno kwa chumvi, akasukutua kwa maji, akayapangusa kwa kitambaa. Hata hivyo alikadiria kuwa waliomo kinywani mwake ni wengi kuliko watu wote wa Uholanzi. Mzee mmoja ambaye hakuwahi kusafisha meno maishani alimpa utando wenye umati mkubwa zaidi.

Kisha Leeuwenhoek akajaribu siki. Viumbe waliotenganishwa na utando walikufa. Waliojificha ndani ya utando ulioshikamana na meno kinywani waliendelea na maisha yao. Ni jambo ambalo wauzaji wa maji ya kusukutulia hawana haraka ya kuliandika kwa herufi kubwa kwenye chupa. Utando ulioshikamana unataka kusuguliwa, na ukishakuwa jiwe unataka kukwanguliwa.

Kukwangua huko kulikuwa na mwalimu wake karibu miaka 700 kabla ya barua ya Delft. Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyezaliwa mnamo mwaka 936 na kuishi kando ya Cordoba wakati wa utawala wa Kiislamu wa Andalusia, aliandika Kitab al-Tasrif, kazi ya juzuu 30, na katika juzuu ya mwisho akashughulikia upasuaji na kuchora vyombo vyake. Humo alieleza magamba meusi, ya kijani au ya manjano yanayoganda nje na ndani ya meno na chini ya fizi, na akasema kuwa uharibifu wake huhamia kwenye fizi mpaka meno yanabaki uchi. Mgonjwa, alielekeza, alaze kichwa mapajani mwa tabibu na akwanguliwe mpaka pasibaki kitu. Kama siku moja haitoshi, arudiwe siku ya pili, ya tatu, hata ya nne. Akaongeza michoro ya vikwangulio 14, kwa hoja kwamba kinachofaa upande wa nje wa jino hakifai upande wa ndani, na cha katikati ya meno ni kingine tena.

Mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii asingefikiria vikwangulio 14. Angetosheka na viwili. Idadi hiyo inaonyesha kuwa al-Zahrawi alikaa na vinywa vya watu kwa muda mrefu, akakwama, akarudi kwa mhunzi kuomba pembe nyingine. Katika karne ya 20, daktari wa Marekani, Clayton Gracey wa Michigan, akishirikiana na fundi wa vyombo wa Chicago, Hugo Friedman, alibuni seti ya vikwangulio ambavyo hadi leo vinatumika katika kliniki nyingi duniani. Kila kimoja kimepindwa kwa ajili ya uso mmoja wa jino: hiki cha mbele ya gego, hiki cha nyuma yake, hiki cha meno ya mbele. Vimepewa nambari 1 hadi 14. Kulingana huko kwa hesabu ni bahati tu, lakini bahati ya kupendeza.

Anayetazama kwa mbali huona mtu akikwangua. Ukaribie uone mkono. Chombo hushikwa kwa gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati, karibu na mshiko wa kalamu, isipokuwa kidole cha kati kimeteremka hadi shingoni mwa chombo, maana ndicho kinachopokea habari kutoka ncha. Kidole cha pete kimeegemea jino la jirani na hakiondoki hapo. Egemeo hilo ndilo usalama wote wa kazi. Mgonjwa akikohoa, akishtuka, akigeuza kichwa kumjibu mtu aliyeingia mlangoni, mkono hufuata taya badala ya kuchoma ufizi. Mwanafunzi anayesahau egemeo hurudishwa kwenye meno ya sanamu.

Makali huingizwa chini ya ufizi yakiwa yamelala ubavuni mwa jino. Yakishafika chini ya ugaga hufunguliwa kwa pembe iliyo kati ya nyuzi 45 na 90, kisha huvutwa kuelekea juu kwa mkwaruzo mfupi wa milimita mbili au tatu. Pembe ikiwa ndogo mno, chombo huteleza juu ya jiwe na kulisugua likawa laini, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu ugaga uliolainishwa hauhisiki tena tofauti na jino safi, nao umebaki palepale. Pembe ikizidi, ufizi hukatwa. Kati ya makosa hayo mawili kuna nafasi finyu, na tabibu anafanya kazi ndani yake mahali asipopaona: damu na mate vimefunika, na ufizi wenyewe umeficha mzizi. Picha ya eksirei humsaidia kiasi. Haimwonyeshi kila kitu. Kinachobaki ni kugusa. Anapitisha kijiti chembamba cha chuma juu ya mzizi na kutofautisha, kwa ncha ya kidole, saruji asilia ya mzizi, jiwe lililoganda, ukingo wa kizibo cha zamani na mwanzo wa tundu la kuoza. Kila kimoja kina mkwaruzo wake.

Kabla ya hapo alikwisha kupima. Kijiti kingine chenye alama za milimita huteremshwa taratibu kati ya ufizi na jino, kwa uzito mdogo sana, katika sehemu sita kuzunguka kila jino. Mwenye meno 28 hupimwa mara 168, na nambari hutamkwa kwa sauti ili msaidizi aandike: mbili, tatu, mbili, tatu, tano. Moja hadi tatu ni nambari za amani. Tano humfanya tabibu asimame kidogo na kuuliza maswali: unavuta sigara? Una kisukari? Ufizi huu ulianza lini kutoka damu? Wavutaji huwadanganya hata madaktari, kwa kuwa nikotini huibana mishipa ya damu na ufizi wao unaweza kuonekana umetulia, hautoki damu sana, huku mfupa ukiendelea kupungua chini yake.

Makali nayo yanataka kulishwa. Kikwangulio butu humlazimisha tabibu kukandamiza, na mkono unaokandamiza hausikii tena. Kwa hiyo katika kliniki inayojiheshimu kuna jiwe la kunolea, mara nyingi lile jeupe la Arkansas, tone la mafuta au maji, na kijiti cha plastiki cha kujaribia. Makali yaliyo hai hung'ata plastiki. Yaliyokufa huteleza juu yake. Wanaofundisha kazi hii husema kunoa ndiko kunakotenganisha wenye ari na wanaongojea saa ya kutoka.

Jimbo dogo la Connecticut, Marekani, lina sehemu isiyolingana na ukubwa wake katika habari hii. Mjini Hartford alifanya kazi John Riggs, ambaye tarehe 11 Desemba 1844 alimng'oa jino daktari mwenzake Horace Wells, aliyekuwa amevuta gesi ya kuchekesha, mojawapo ya majaribio ya mwanzo kabisa ya kuondoa maumivu kwa gesi. Historia ya nusukaputi humtaja Riggs kwa jino hilo moja. Yeye mwenyewe, hata hivyo, alitumia miongo iliyofuata akihubiri jambo jingine: kwamba fizi zinazotoa usaha na meno yanayolegea husababishwa na uchafu ulioganda kwenye mizizi, na kwamba tiba ni kuukwangua wote kwa subira, wakati wenzake wakipendelea kukata ufizi. Kwa muda ugonjwa huo uliitwa kwa jina lake. Kuna heshima za kupendeza zaidi ya hiyo, lakini alikuwa sahihi.

Kusini mwa jimbo hilohilo, mjini Bridgeport, daktari Alfred Fones alishawishika kuwa kama kazi hii ni ya kinga basi madaktari peke yao hawatoshi kuifanya. Mwaka 1906 alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, aliyekuwa pia binamu yake, kukwangua na kung'arisha meno ya wagonjwa. Novemba 1913 alifungua darasa katika banda la magari la nyumbani kwake, na mwaka uliofuata wanawake 27 walihitimu. Wengi wao walipelekwa katika shule za msingi za mji huo, wakawasafisha meno watoto wa wafanyakazi wa viwandani na kuwafundisha kupiga mswaki. Newman alipata leseni ya jimbo mwaka 1917. Wapo madaktari walionung'unika: vipi mwanamke asiye na shahada atie chuma kinywani mwa mtu? Swali hilo halijafa. Afrika Mashariki nako kuna matabibu wa kinywa na meno, na Kenya ina maofisa wa afya ya kinywa wa jamii, watu wanaokwangua, wanaoziba na kung'oa mbali na miji mikubwa, na ambao bado hulazimika kueleza kuwa hawakujifunzia kazi mitaani.

Mashine ilikuja kwa bahati mbaya iliyogeuka njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wahandisi walitaka kuchimba meno kwa ncha inayotetemeka kwa kasi isiyosikika, wakitumia unga mgumu uliochanganywa na maji. Ilifanya kazi polepole, ikachafua kila kitu, na mwaka 1957 kekee ya upepo inayozunguka kwa kasi kubwa ilipoingia sokoni, ile ya mtetemo haikuwa na soko tena. Lakini wakati huo mtu alikwisha kuona kuwa ncha isiyochimba jino vizuri hupasua ugaga vizuri sana. Leo ncha hiyo hutetemeka mara 25,000 au zaidi kwa sekunde, ikimwagiwa maji ili isiunguze, na maji yenyewe husaidia kusafisha mfuko. Kwa mgonjwa ndiyo ile sauti nyembamba inayomkunja vidole vya miguu. Tafiti zilizolinganisha mashine na mkono zimekuta fizi zinapona takriban sawasawa. Mashine humpunguzia tabibu uchovu wa mkono na muda. Mkono humwambia amefika wapi. Wazuri hutumia vyote viwili, wakianza na mashine na kumalizia kwa chuma tulivu.

Kinachoanguka katika bakuli la kutemea hakina thamani kwa mwenye kinywa. Kwa wanaakiolojia ni hazina, maana ugaga ukiganda hufungia ndani yake chochote kilichopita. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kuwa katika ugaga wa mwanamke aliyezikwa kwenye nyumba ya watawa huko Dalheim, Ujerumani, karibu miaka 900 iliyopita, wamekuta chembe za rangi ya buluu ya thamani kubwa, iliyosagwa kutoka jiwe linalochimbwa Afghanistan. Tafsiri waliyoona inafaa zaidi ni kwamba alikuwa mchoraji wa vitabu vitakatifu, akiinyoosha ncha ya brashi yake kwa midomo. Hakuna hati iliyomtaja. Bibi huyo angekuwa na mkwanguaji hodari, tusingejua lolote.

Swali la haki ni hili: je, kazi yote hiyo inasaidia kweli? Hapa ushahidi ni mtamu na mchungu kwa pamoja.

Utamu unaanzia Aarhus, Denmark. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la watu 12 wenye fizi nzuri, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, walioombwa kuacha kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Kabla ya hapo wasomi walikuwa bado wakibishana iwapo chanzo ni vitamini, umri au urithi. Kisha ikaja Karlstad, Sweden. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970 Per Axelsson na Jan Lindhe waliwafuatilia watu 375 waliosafishwa meno kitaalamu na kufundishwa kujisafisha kila baada ya miezi miwili, baadaye mitatu, wakiwalinganisha na 180 waliomwona daktari mara moja kwa mwaka kwa tiba ya kawaida. Baada ya miaka sita kundi la pili lilikuwa limeendelea kuoza meno na kupoteza mfupa kiasi kwamba kulinganisha kulisitishwa. Kundi la kwanza liliendelea kutunzwa, kila mtu kwa kipindi kinachomfaa, na ripoti ya miaka 30, iliyotoka mwaka 2004 ikiwa na watu 257 waliobaki, ilionyesha kuwa kwa wastani hata wazee wao hawakupoteza meno mawili kila mmoja.

Sasa uchungu. Mwaka 2018 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio mawili ya Uingereza yenye watu wazima 1,711 wasio na ugonjwa mkali wa fizi, ambao tayari walikuwa na desturi ya kumwona daktari wa meno. Wengine walisafishwa kila miezi sita, wengine kila mwaka, wengine hawakupangiwa. Baada ya miaka miwili hadi mitatu, fizi za makundi hayo hazikutofautiana kwa namna yoyote ya maana. Waliosafishwa walikuwa na ugaga pungufu kidogo. Magazeti yaliipenda habari hiyo, na baadhi ya wasomaji wakafuta miadi yao kwa furaha.

Walisoma nusu. Majaribio yale yaliwahusu watu ambao vinywa vyao vilikuwa vimetunzwa kwa miaka mingi, wenye mswaki, dawa ya meno yenye floraidi na daktari wa karibu. Hayakumhusu dereva wa lori wa Tunduma mwenye umri wa miaka 45 ambaye hajawahi kukwanguliwa hata mara moja, wala mama wa Kisumu ambaye ufizi wake umetoka damu tangu ujauzito wa pili. Kwa wenye mifuko iliyokwisha kuzama chini ya ufizi, kukwangua mizizi bado ndiyo tiba ya kwanza, na hakuna dawa ya kumeza iliyochukua nafasi yake. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni moja wana ugonjwa mkali wa fizi. Katika kanda yake ya Afrika, madaktari wa meno hawafikii mmoja kwa kila watu 10,000.

Uchache huo umezaa desturi inayojulikana kila wilaya: meno hupelekwa hospitali yakiuma, na yakiuma hung'olewa. Fizi, kwa kuwa hazipigi kelele, hazipelekwi popote. Nyumbani watu hujitahidi kwa mkaa, majivu, chumvi, hata limau, ambalo asidi yake hulainisha enameli na kuiacha imechakaa. Mswaki wa mti, hasa ule wa Salvadora persica uliotumiwa pwani na Uarabuni kwa karne nyingi, ni chombo halali kabisa. Shirika la Afya Duniani liliuunga mkono mwaka 1986. Unaondoa ukoga ukitumiwa kwa bidii. Ugaga, hapana. Hakuna mswaki, wa mti wala wa plastiki wala wa umeme, unaoondoa ugaga ulioganda.

Na kuna hofu. Kutoka Mombasa hadi Mwanza utasikia kuwa kukwanguliwa hulegeza meno na kuyaachanisha. Hofu hiyo ina msingi, ila imesomwa kinyume. Mtu aliyekaa miaka 20 na ugaga huwa amepoteza mfupa bila kujua, na jiwe ndilo lililobaki likiyashikanisha meno na kuziba mianya. Likitolewa, mianya inaonekana, meno yaliyokuwa yamelegea tayari yanacheza, na mizizi iliyozoea kufunikwa inashikwa na ganzi kwa maji baridi kwa siku au wiki kadhaa. Ufizi uliokuwa umevimba nao hunywea, na jino huonekana limerefuka. Tabibu mwenye hekima huyasema haya kabla ya kushika chombo. Asiyesema, mgonjwa ataondoka na ushahidi wa ile hofu kinywani, na mtaa mzima utausikia.

Ujauzito una hofu yake ya pekee. Homoni huufanya ufizi uitikie ukoga kwa ukali zaidi, damu hutoka, na mjamzito huambiwa angoje mpaka ajifungue. Mwaka 2006 jarida la tiba la New England lilichapisha jaribio la Marekani la wanawake 823: kutibiwa fizi wakati wa ujauzito hakukupunguza uzazi wa kabla ya wakati, jambo lililokuwa likitumainiwa, lakini kulikuwa salama na fizi zilipona. Kwa wenye kisukari faida inavuka kinywa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yalikuta kuwa kutibu ugonjwa wa fizi hushusha kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa takriban asilimia 0.4, kiasi ambacho madaktari wa kisukari hukiona cha maana wanapoongeza dawa ya pili.

Kung'arisha, ile sehemu ambayo wengi hudhani ndiyo kazi yenyewe, huja mwisho na huchukua dakika chache: kikombe kidogo cha mpira kinachozunguka na unga wa jiwe la volkeno uliosagwa. Huondoa madoa ya kahawa, chai ya rangi, tambuu, mirungi na sigara. Hakuutibu ufizi. Na kuna madoa ambayo hakuyawezi. Katika vijiji vya Arusha na Kilimanjaro, na kwa upande wa Kenya katika sehemu za Bonde la Ufa, maji ya ardhini yana floraidi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi ya kupikia huongeza. Mtoto anayekulia huko hupata meno yenye mabaka ya kahawia yaliyomo ndani ya enameli yenyewe, tangu jino lilipokuwa likiumbwa. Kijana wa namna hiyo huja na akiba yake akiomba asafishwe kabla ya kwenda chuo. Fundi mwaminifu humweleza kuwa hapo hakuna uchafu, kwamba kukwangua hakutabadilisha chochote, na kwamba zipo njia nyingine zenye gharama na mipaka yake. Halafu huangalia kama kuna ugaga, na kama haupo, humwachia akiba yake.

Uaminifu wa namna hiyo ndio unaopimwa pia katika swali ambalo kila mgonjwa huuliza akishuka kwenye kiti: nirudi lini? Miezi sita ni jibu la mazoea, na halina msingi imara wa kisayansi kwa watu wote. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2004 uliruhusu kati ya miezi 3 na miezi 24 kwa watu wazima, kulingana na hatari ya kila mmoja. Kwa hiyo mvutaji sigara mwenye mifuko ya milimita sita huandikiwa miezi mitatu, na huonywa kuwa akiendelea kuvuta fizi zitapona nusunusu. Mwenye kisukari huandikiwa mitatu au minne. Na yule ambaye kijiti kimemzunguka mara 168 bila kutoa damu wala nambari inayozidi tatu huambiwa anaweza kukaa mwaka mzima au zaidi, hata kama kitabu cha miadi cha wiki hiyo kina kurasa tupu.